Majina Yaliyomo Kwenye Laptopu ya Baba

Canora, Saskatchewan
12 Novemba 2017

Mdogo wangu Orest,

Hujambo huko Hamilton? Huku sote wazima, ukiondoa goti langu la kushoto na masikio ya Shangazi Paraska, ambayo siku hizi yanasikia yanachotaka tu. Theluji imewahi. Kabichi nimekwisha kuichachusha, pipa zima, na nusu yake najua nitaigawa kwa sababu bado napika kama tuko sita. Paka wa Mama amehamia kwangu mjini na ananidharau vilevile alivyokuwa akikudharau wewe.

Nakuandikia kwa kalamu maana ndivyo tulivyokubaliana. Kwenye simu tunagombana. Kwenye karatasi mtu akikasirika inabidi kwanza atafute stempu, na hadi aipate, hasira imeshuka.

Sasa shida yangu. Unaikumbuka laptopu ya Baba, ile nyeusi uliyomtengenezea mwenyewe ulipokuja kiangazi kile. Ilikuwa kabatini kule shambani, na nyumba haina moto tangu Mama alipotutoka mwezi Machi. Juzi nimeichukua, nimeichomeka kwenye umeme, nimeiwasha. Skrini nyeusi, maneno meupe, inasema haioni diski ya kuanzia. Nimeizima na kuiwasha mpaka nimechoka. Jibu ni lile lile.

Naihitaji, Orest. Humo ndimo Baba alimomrekodi Mama akiita majina, ile Krismasi ya mwisho ya Baba. Tarehe sita Januari, mkesha wa Krismasi yetu ya kalenda ya zamani, tutakula kule kule nyumbani, nitawasha jiko la kuni, na mtu lazima afungue mlango awaite marehemu waje mezani kabla hatujagusa ngano ya asali. Mama alikuwa nayo yote kichwani. Mimi najua manne, labda matano. Shangazi anakumbuka majina ya farasi wote wa babu, ya watu hapana. Na usiniambie niende kanisani nikaulize, wengine walikufa hata kabla ya ubatizo, hawakuandikwa popote. Walikuwa kwa Mama tu.

Hii ndiyo Krismasi ya kwanza bila yeye. Nisaidie.

Dada yako,
Stefka


Hamilton, Ontario
25 Novemba 2017

Dada Stefka,

Salamu zako zimefika, na harufu ya kabichi karibu nayo ifike. Mimi sijambo. Chuoni kazi ni nyingi, tunabadilisha kompyuta za jengo zima. Mvua tu huku, theluji hakuna.

Kuhusu laptopu. Kompyuta ikiwashwa, kwanza huamka programu ndogo iliyomo kwenye ubao wake, nayo huenda kutafuta kwenye diski mahali ulipo mfumo, ili iuamshe. Kuna namna mbili za kutafuta. Ya kale inaitwa Legacy: inakwenda mwanzo kabisa wa diski, inasoma kilichoandikwa pale na kukifuata bila kuuliza. Ya kisasa inaitwa UEFI: inatafuta chumba maalumu ndani ya diski, chenye faili zake. Diski ikiwa imepangwa kwa namna moja na mashine ikaambiwa itafute kwa nyingine, zitapishana, kama watu wawili wanaosubiriana kwenye milango tofauti ya kanisa lile lile.

Fanya hivi. Izime. Iwashe huku ukibonyeza F2 mfululizo. Utaona kurasa za buluu. Tafuta ukurasa ulioandikwa Boot. Usibadilishe kitu. Niandikie kila unachokiona, hata kinachoonekana cha kipuuzi.

Krismasi sidhani kama nitapata nafasi. Tutaona.

Orest


Canora
6 Desemba 2017

Mdogo wangu,

"Tutaona." Neno hilo umelirithi kwa Baba, naye alikuwa akilitumia kwa mambo aliyokwisha kuyakataa. Haya, tutaona.

Hapa tumemzika mzee Klym wa daraja la mbao, na kwaya ilibaki na sauti mbili za kiume, zote mbovu. Shangazi ameanguka bafuni lakini ameanguka vizuri, anasema mwenyewe. Mimi nimeanza kupunguza vitu kule nyumbani. Vyombo vya Mama vya Pasaka nimekuwekea.

Nimefanya ulivyosema. F2 nimeibonyeza mpaka Shangazi akauliza kama napiga simu ya upepo. Kurasa za buluu zikatokea. Kwenye Boot imeandikwa UEFI, na mbele yake kuna kialama. Chini yake imeandikwa Legacy, haina kialama. Sehemu ya orodha ya diski ni tupu. Umesema hata cha kipuuzi, basi cha kipuuzi ni hiki: saa ya mashine inasema tuko mwaka 2011, tarehe mosi Januari. Laiti ingekuwa kweli.

Ninachouliza ni kimoja. Nihamishe kialama niweke kwenye Legacy, au niache? Baba alikuwa na desturi ya kusema mashine hii ni mtu wa kalenda ya zamani kama yeye. Sijui kama inakusaidia.

Jibu upesi, posta ya Desemba unaijua.

Stefka


Hamilton
15 Desemba 2017

Dada Stefka,

Poleni na msiba wa mzee Klym. Nakumbuka alinifundisha kuendesha trekta na alijuta.

Legacy usiiguse. Ile laptopu niliipanga mimi kwa mikono yangu, na niliipanga kwa UEFI. Baba alinung'unika, nikamweleza kwamba namna ya kale inaondoka, kwamba ana mashine mpya na haifai kuiendesha kizamani. Akakubali. Kwa hiyo mpangilio uko sawa. Kama mpangilio uko sawa na diski haionekani, basi diski imekufa. Baridi ya nyumba isiyo na moto huua diski za aina ile. Pole. Ukihamisha kialama utajisumbua bure na kunivurugia kazi baadaye.

Nakutumia diski mpya kwenye bahasha nene, na flashi yenye mfumo. Fungua kifuniko cha chini kwa bisibisi ndogo, toa ya zamani itupe, weka hii. Maelekezo nimeyachapa. Angalau mashine utakuwa nayo.

Majina, andika yale unayoyakumbuka. Mimi namkumbuka babu, Dido Nykola, na wale mapacha. Nilikuwa sisikilizi, nilikuwa natazama chakula.

Mwaka huu siwezi kuja. Huku Krismasi ni tarehe ishirini na tano, na likizo inaishia mwaka mpya.

Orest


Canora
8 Januari 2018

Orest,

Kristo amezaliwa. Sisi tumeamka salama na wewe natumai umeamka hivyo.

Nikueleze tulivyokula. Nilikwenda shambani asubuhi nikawasha jiko, hadi nyota inatoka nyumba ilikuwa na joto la kuvulia koti. Vyakula kumi na viwili vilitimia, ingawa kimoja kilikuwa zabibu tu kwenye bakuli. Nyasi kavu chini ya kitambaa cha meza. Sahani ya mgeni mahali pake. Tulikuwa wawili, mimi na Shangazi, kwenye meza ile ndefu.

Nikafungua mlango. Nikasema: Mama, njoo ule nasi. Baba, njoo ule nasi. Dido Nykola. Bibi Yevdokia. Mapacha. Halafu nikasimama. Nilijua bado wapo. Nilijua kuna mtu aliyegandishwa na tufani karibu na uzio, Mama alimwita kila mwaka kwa huruma ya pekee, na jina lake halikunijia. Nilisimama mlangoni baridi ikiingia mpaka mishumaa ikalala. Shangazi akasema, "Stefka, funga. Wanaojua njia wameshaingia." Akadhani ananifariji. Sikuweza kula, nililamba tu ngano kwenye kijiko.

Sasa nikwambie mambo mawili niliyokuficha, na ukitaka kukasirika, stempu unazo.

La kwanza, nyumba nimeiuza. Jirani wa mashariki ameichukua pamoja na ardhi, anakabidhiwa tarehe mosi Aprili. Hii ndiyo iliyokuwa Krismasi ya mwisho mle ndani. Sikukwambia kwa sababu nilitaka uje kwa kutaka kuja, si kwa kuaga kuta. Nilikosea. Ningekwambia ungekuja, na kutokwambia hakukunipa chochote.

La pili ni laptopu. Baba hakukubali, Orest. Alikunyamazia. Ulipoondoka kiangazi kile, ile programu yake ya kuandika ng'ombe ikakataa kabisa kufanya kazi kwenye mfumo uliomwekea. Akavumilia wiki mbili. Kisha akamwita Metro Yurkiw wa kwenye ghala la nafaka, naye akafuta kila kitu akaipanga upya kwa mfumo wa zamani. Nilikuwa jikoni nikimkaangia mayai. Nilimsikia akisema hii lazima iwekwe kwenye Legacy. Baba akanishika mkono: usimwambie mdogo wako, amejitaabisha sana, tusimvunje moyo.

Nikaapa. Basi uliponiandikia "kwa mikono yangu", nikabaki nimeishika barua, nikawaza, nimvunje moyo au nisimvunje? Tena nilikuwa na hasira. Ulikuwa na uhakika mno, mtu ambaye hujakanyaga huku tangu mazishini, tena siku ile uliondoka kabla chakula cha matanga hakijapoa. Nikasema haya, kama anajua, anajua. Nikafungua kifuniko nikaitoa diski.

Sikuitupa. Iko kwenye kopo la kahawa la Baba, pamoja na misumari iliyopinda. Wewe unajua nyumba yetu, hatutupi kitu.

Stefka


Hamilton
19 Januari 2018

Dada yangu,

Kristo amezaliwa, mtukuzeni.

Barua yako nimeisoma kwenye ngazi, sikufika ndani. Goti lako linaendeleaje? Hukulitaja safari hii.

Saa. Uliniandikia kwamba saa ya mashine imerudi 2011 na mimi nikapita kama sikuona. Nafundisha vijana jambo hili kila muhula. Ndani ya laptopu kuna betri ndogo, kama kifungo cha koti, inayoifanya mashine ikumbuke saa na kila ilichoambiwa. Ikifa, mashine inasahau maagizo yote na kurudia ilichofundishwa kiwandani. Ile ilifundishwa UEFI. Metro aliiambia Legacy, baridi ikaua betri, ikasahau. Diski haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa imekaa pale pale tangu Novemba ikisubiri kusomwa kwa namna ya kale, na mimi nikakwambia namna ya kale usiiguse.

Ulichoniuliza kilikuwa kimoja tu, nihamishe kialama au niache. Ningesema hamisha, ungemsikia Mama Krismasi, katika nyumba ile. Kama ningekuwa sijui kitu ningesema jaribu, utapoteza nini. Ujuzi wangu ndio uliokataa.

Sikulaumu kwa kunyamaza. Najua mtu wa kwetu akipewa siri na Baba. Ila Baba angeniambia tu. Ningenuna siku mbili yakaisha.

Fanya hivi sasa. Toa diski yangu, rudisha ile ya kopo la kahawa. Ipanguse kwanza, isiwe na chembe za kutu. Washa, F2, ukurasa wa Boot, hamisha kialama kwenye Legacy, kisha F10 na ukubali. Usiizime tena kabla hujanakili sauti kwenye flashi, kwa maana betri imekufa na ukichomoa umeme itasahau tena. Ikisahau usiogope, iambie upya.

Kuhusu nyumba, sina haki ya kusema kitu, kwa hiyo sisemi.

Na kuhusu Mama. Uliponipigia mwezi Februari ukaniambia yuko taabani, nilikuuliza ana siku ngapi. Nilikuuliza kama naulizia mzigo uliochelewa. Ukasema Mungu anajua, nami nikasema basi nijulishe. Hilo neno nalisikia kila siku. Nilikuwa naogopa kumwona Mama amekuwa mdogo kitandani, na nikaliita woga wangu kazi nyingi.

Orest


Canora
9 Februari 2018

Mdogo wangu Orest,

Goti ni lile lile, asante kwa kuuliza. Shangazi ametimiza miaka tisini, amekataa keki akataka sigara, tumempa. Baridi imekuwa kali hivi kwamba gari linaanza kuwaka kwa kusali.

Imewaka. Nilikwenda nayo shambani, nikaona si haki kuisikiliza kwenye fleti. Meza bado ilikuwepo, katikati ya maboksi. Nikaipangusa diski kwa kitambaa cha miwani, nikairudisha, nikabonyeza, nikahamisha kialama. Ikakaa kimya kidogo mpaka nikasema haya, nimeiua. Halafu ikatokea ile picha ya Baba amesimama na ng'ombe aliyeshinda maonyesho. Shangazi akamsalimia, si Baba, ng'ombe.

Sauti ilikuwa pale pale Baba alipoiweka, ameipa jina la Mama, "Ahafia mlangoni". Nimeinakili mara tatu. Flashi yako imo ndani ya bahasha hii. Lakini nakuandikia pia, maana posta ni posta.

Kwanza bawaba zinalia. Kisha Mama. Anawaita Dido Nykola na Bibi Yevdokia. Semko na Ilko, ndugu zake Dido. Mapacha wa Februari, waliokuwa bado hawajapewa majina. Tymko, ndiye yule wa kwenye uzio, kibarua, hakuwa na ndugu nchi hii. Mama yake mzee Klym wa daraja la mbao. Halafu mwanamke wa kwenye treni, Mama anamwita hivyo hivyo, "wewe dada uliyefia kituoni mwaka tuliofika, hatukukujua jina, njoo ule." Orest, miaka yote nimeketi mezani pale na huyu mwanamke sikuwahi kumsikia. Nami pia nilikuwa natazama chakula.

Hapo nilitaka kukomea, nikufichie tena. Shangazi akaniambia, "Mliyofichana hayajawatosha?" Basi sikufichi.

Baada ya mwanamke wa treni unasikika upepo. Kisha anasema, "Na Orest wangu. Njoo ule nasi." Ndiyo Krismasi uliyotuma kadi badala ya kuja.

Na Shangazi anasikika kutoka mezani, sauti yake ile kabla haijachakaa, "Ahafia, we, huyo si marehemu."

Mama anasema, "Najua. Lakini mlango si uko wazi."

Baba anacheka, anasema kuni hazijikati zenyewe, mlango unafungwa, na rekodi inaisha.

Nililia mbele ya Shangazi, naye akanipa kitambaa kilichojaa vumbi la maboksi. Tulichelewa, Orest. Majina yalipaswa kusemwa mle ndani usiku ule wa tarehe sita. Nimeyasema siku hiyo hiyo ya Februari, mchana, mlango wazi, bila ngano na bila nyota, kwa sababu sikujua lingine la kufanya. Nikawaongeza Baba na Mama mwishoni.

Jina lako sikuliita. Nimeona hilo si langu kuliita kama wewe hutaki kuja.

Dada yako,
Stefka


Hamilton
22 Februari 2018

Dada Stefka,

Sina habari za hali ya hewa. Flashi imefika. Nimeisikiliza jikoni, nimesimama, nimevaa koti. Nilipofika mwisho nikairudisha mwanzo, nikafungua mlango wa kwangu unaotokea kwenye korido, na jirani wa mbele akaniuliza kama natafuta mtu.

Nimekata tiketi. Nitafika Yorkton tarehe kumi na tisa Machi, usije kunipokea, barabara ni mbaya na goti lako ni hilo. Nitakodi gari hadi shambani. Najua meza itakuwa imeshaondoka. Tutakula tumesimama. Ngano ya asali pika, hata kama Krismasi imepita na padri atacheka. Nataka kumsikia Shangazi akinitukana kwa sauti yake ya sasa.

Laptopu iache kwenye umeme, na uiache kwenye Legacy. Ndiyo namna yake.

Kuna ombi moja. Nikifika nitakaa nje kwanza, kwenye ngazi. Wewe fungua mlango uniite kwa jina, kama alivyoniita. Najua utakuwa unaniona, nimesimama hapo mbele yako na begi langu. Niite hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Orest